Kibanda kina wateja, zege linafika saa mbili na nusu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme, kwa nia njema, wakaanga chipsi wa Arusha, hasa wenye wateja wengi pale Kilombero, Sakina na Mbauda. Chakula chao ni kitamu, hilo halina ubishi. Lakini mtu anaagiza zege, yaani chipsi mayai, na mishkaki miwili saa moja jioni, sahani inamfikia saa mbili na nusu. Ukiuliza, unajibiwa: "Leo watu wengi, bosi." Jana pia walikuwa wengi. Kinachokwamisha ni maandalizi.

Tupige hesabu. Zege la mayai 2 linataka kama dakika 5 kwenye frampeni, pamoja na kuligeuza. Frampeni moja basi inatoa sahani 12 kwa saa. Wakiwepo watu 20, wa mwisho anangoja saa 1 na dakika 40, hata mpishi awe hodari vipi. Frampeni ya pili inakata muda huo nusu, na mtu mmoja anazimudu zote akizipishanisha: hii inageuzwa, ile inamiminiwa mayai. Kuchochea moto si dawa. Chini panaungua, katikati yai linabaki bichi, na kesho yake mteja anaumwa tumbo.

Kosa kubwa zaidi ni kuanza na viazi vibichi mteja akiwa ameshakaa. Viazi vikatwe mapema, vioshwe mpaka maji yaache kuwa na weupe wa wanga, vichujwe vikauke, kisha vikaangwe mara ya kwanza kwa moto wa wastani dakika 5 au 6, vilainike bila kubadilika rangi. Oda ikija, dakika 2 au 3 kwenye mafuta ya moto sana zinatosha, na chipsi zinatoka kavu nje, laini ndani. Halafu kuna ugonjwa wa kujaza karai ili kwenda haraka. Lita 4 za mafuta zisibebeshwe zaidi ya kilo 1 ya viazi. Ukizidisha, mafuta yanapoa, viazi vinakuwa kama vinachemshwa, vinanywa mafuta na vinachelewa vilevile. Vikiingia na maji ndiyo hatari kabisa: mafuta yanafura, yanamwagikia mkaa, moto unaruka.

Mkaa nao. Kuongeza mkaa mweusi wakati foleni imeshona ni kujizimia jiko mwenyewe. Liwepo jiko dogo pembeni la kuwashia, mkaa uhamishwe ukiwa tayari mwekundu. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, kipande cha bati upande wa upepo kinasaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Mishkaki isiivishwe nusu mchana ikalazwa kabatini kungoja jioni; huko ni kufuga maradhi. Vipande vikatwe vidogo, vilingane, vitaiva haraka na kwa pamoja.

Tena, anayeshika mwiko asishike pesa. Kila akifuta mikono asome ujumbe wa malipo kwenye simu, frampeni inaungua. Awepo kijana wa kupokea oda na kugawa namba, hata ziandikwe kwa maka peni kwenye vipande vya boksi. Namba zingemaliza pia ugomvi wa oda za simu: bodaboda anafika, anabeba sahani 6 na kuondoka, huku waliopo kwenye benchi wanatazamana. Aliyepiga simu apewe namba ya muda aliopiga, basi.

Wateja nasi tupunguze vituko. Kusema "ongeza yai" wakati zege limeshageuzwa ni kumrudisha mpishi mwanzo, na wote walio nyuma yako wanalipia. Mwenye haraka achukue chipsi kavu na kidali, zege awaachie wenye muda.

Mdau wa mapishi,
Ngarenaro, Arusha