Deni limepita bei ya nyumba, na mume wangu anataka kuwaachia benki funguo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Syokimau. Mwaka 2016 mume wangu alichukua mkopo wa benki tukanunua fleti ya vyumba vitatu kwa Sh8.5 milioni. Sheria ya kudhibiti riba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, tukatozwa asilimia 14. Tulilipa kama Sh95,000 kwa mwezi, na kwa mishahara miwili hazikutushinda.

Sheria ile iliondolewa Novemba 2019. Haukupita muda corona ikaingia, mume wangu akaachishwa kazi, nayo benki ikatupumzisha mwaka mzima. Kupumzishwa kwenyewe ni jina tu, maana riba iliendelea kuhesabiwa na mwishowe ikabebeshwa deni. Kisha Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13 Februari 2024, nasi tukapandishiwa. Benki Kuu imeishusha tangu hapo, ila kwetu inateremka kwa kusitasita. Leo, baada ya miaka yote hiyo ya kulipa, salio ni Sh8.1 milioni.

Juzi mthamini alikuja. Alifungua bomba la jikoni, akaonja maji, akaandika. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi, birika langu limefanya ukoko mweupe ndani. Ghorofa ya chini kuna fleti mbili kama yetu zenye mabango ya kuuzwa, na wenyewe wanashindana kushusha bei. Ripoti inasema bei ya soko ni Sh6.9 milioni, na ikiuzwa kwa haraka, Sh5.2 milioni.

Mume wangu alipoona hesabu hiyo alisema, "Mama Brian, tuwape funguo zao, tuhamie nyumba ya kupanga, mambo yaishe." Hayaishi, Shangazi! Binamu yangu wakili ameeleza kwamba hapa Kenya ukirudisha funguo deni halifutiki. Benki inauza, na pesa zisipotosha inakufuata kwa zilizobaki, huku jina lako liko CRB, wanakoandikwa wasiolipa mikopo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mtu akishindwa kulipa hupewa notisi ya miezi mitatu, halafu nyingine ya siku 40 kabla ya kuuziwa, na dalali naye, kwa kanuni za madalali, hutoa yake ya siku 45. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mwenyewe ana hoja ya kupeleka kortini. Nilipiga hesabu: ile Sh5.2 milioni imeukwepa mstari huo kwa unywele. Mthamini anaijua kazi yake.

Tumechelewa mwezi mmoja tu na notisi haijaja, kwa hiyo nadhani bado tuna nafasi. Nilifikiria kupangisha, lakini fleti kama hii huku inaingiza kama Sh45,000, nasi tunalipa karibu Sh115,000. Kuhamia benki nyingine yenye riba nafuu nako hakuwezekani, kwani hakuna atakayetukopesha Sh8.1 milioni kwa nyumba ya Sh6.9 milioni. Ofisa wa mikopo amedokeza njia nyingine: tutafute mnunuzi wenyewe, benki iridhie, kisha Sh1.2 milioni zitakazobaki zigeuzwe mkopo wa kawaida.

Pengo hilo lingezibwa na ekari mbili tulizonunua pamoja Trans Nzoia kabla ya fleti. Hapo ndipo tunapokosana. Mume wangu anasema shamba haliguswi, na mama mkwe amempigia simu kumtia nguvu. Mume wangu yuko radhi dalali aje mlangoni, watoto wakiona, kuliko kuuza hata ekari moja.

Naomba unisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, nizungumze naye vipi kuhusu shamba bila kuonekana ninapigana na mama yake? Pili, hati na mkopo viko kwa jina lake. Mimi nilitia sahihi fomu ya idhini ya mke peke yake, sikuwa mdhamini. Iwapo nyumba itapigwa mnada na deni libaki, je, benki inaweza kuja kwenye mshahara wangu? Nataka kulijua hilo kabla hatujarudi kwa ofisa wa mikopo Ijumaa.

Mama Brian, Syokimau