Paa la asbestosi haliteremshwi kwa nyundo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako kabla mvua za vuli hazijachanganya. Huu ndio msimu ambao mafundi paa wa Mwanza hatupatikani, kila mwenye nyumba anataka kubadilisha bati. Kazi hii nimeifanya tangu mwaka 1993, na wiki mbili zilizopita nilipita Nyamanoro nikaona jambo lililonikumbusha makosa yangu mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya urithi, ya kuta nene na madirisha ya chuma. Warithi wamekubaliana kuweka msauzi, yaani bati za kisasa za rangi. Juu walikuwa vijana wanne na nyundo, wanayavunja yale mabati ya kijivu na kuyasukuma chini. Kila kipande kikitua juu ya jiwe, na Nyamanoro jiwe halikosekani, kinapasuka na kutimua wingu jeupe. Watoto wanaokota vipande wanachorea sakafu ya jirani, kama chaki. Mama mmoja muuza samaki alibeba viwili akakinge upepo jikoni kwake, bila kujua kwamba vikipata moto mkali hupasuka kwa mshindo. Kifusi kilipakiwa kwenye toroli kikaenda kujaza mashimo ya njia inayopanda mlimani.

Nilipouliza, kijana mkubwa akanijibu, "Mzee, hii ni saruji tu." Hakukosea sana. Sehemu kubwa ya mabati yale, ambayo kwa kweli si bati hata kidogo, ni saruji. Asbestosi yenyewe huwa kama asilimia 10 hadi 15. Ni jiwe la ajabu: ukilichambua linatoa nyuzi, kama pamba. Nyuzi hizo ndizo zilizoyafanya mabati yawe imara, yasipate kutu wala kuwaka. Na nyuzi hizohizo, zikivunjwavunjwa, huwa nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, jicho halizioni. Ukizivuta zinakwama kwenye mapafu na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Matokeo yake ni makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaozunguka mapafu, iitwayo mesothelioma. Ubaya wake mkubwa ni subira: ugonjwa huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Fundi aliyekata leo hatakohoa kesho, kwa hiyo haamini. Na akiwa mvutaji sigara, hatari ya saratani ya mapafu inapanda maradufu na zaidi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuyakata kwa msumeno, kifua wazi, mwaka 1995, tulipokuwa tunatoboa nafasi ya bomba la moshi kwenye jiko la shule moja hapa jijini. Jioni nilirudi nyumbani mweupe kama niliyetoka mashine ya kusaga, mke wangu akakung'uta shati lile kabla ya kulifua. Nchi zilizotangulia kwenye balaa hili zimeandika habari za wake waliougua kwa kufua nguo za waume zao tu. Siku niliyolijua hilo sikulala.

Sasa utalitambuaje? Kwa fundi si kazi ngumu, ila hakuna anayeweza kuapa kwa macho. Yale ya mawimbi ni mazito, unene wake kama milimita sita, na jani moja linataka watu wawili. Sumaku haishiki. Ukigonga kwa kidole hayalii kama bati, yanatoa sauti ya kigae. Kutu hayana, lakini yanaota ukungu wa kijani na weusi, hasa upande wa kivuli. Mara nyingi yamefungwa kwa boliti ndefu zenye ndoano zilizokamata papi, zile mbao zinazobeba paa. Ukingo uliomeguka huonyesha unyoyaunyoya. Usiangalie paa peke yake: zipo dari za bodi bapa, matangi ya maji, mabomba ya moshi na ya maji taka. Yapo pia mabati ya saruji ya siku hizi yasiyo na asbestosi hata chembe, na yanafanana nayo kama mapacha. Hapo ni maabara tu, kwa darubini. Kama nyumba ni ya kabla ya miaka ya 1990 na hakuna anayekumbuka kilichonunuliwa, ichukulie kuwa ni asbestosi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Tafadhali, msomaji mwenye paa hili asikimbie nyumba usiku. Paa zima, lisilovunjika wala kuchakaa, halimdhuru aliyelala chini yake. Wengi huniuliza kuhusu maji ya mvua yanayoingia kwenye simtanki. Wasiwasi mkubwa wa kitaalamu uko kwenye kinachovutwa kwa pua, si kinachonywewa. Adui ni grinda, drili, msasa na brashi ya waya ya yule anayetaka kuparuza ukungu ili apake rangi. Kama halivuji, liache.

Likilazimika kushuka, lishuke zima. Familia na majirani waondoke, madirisha yafungwe, na turubai litandikwe chini. Lilowanishwe kwanza, sisi wa Kanda ya Ziwa tunazo zile pampu za mgongoni za kupulizia dawa ya pamba, ukipata iliyo safi weka maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo yapate kupenya, na endelea kulowanisha kazi inapoendelea. Boliti zifunguliwe kwa spana. Jani literemshwe mkono kwa mkono, lifungwe kwenye nailoni nene mara mbili na kuandikwa. Kitambaa cha mdomoni na barakoa ya hospitali havifai kitu. Inatakiwa ile ya kuchuja vumbi laini, daraja la P3, iliyokaa sawasawa usoni, na mwenye ndevu azinyoe maana hewa hupita pembeni. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Ufagio marufuku. Na kuna kifo kingine ambacho hakisubiri miaka 30: ukilikanyaga katikati ya papi, hasa likiwa limelowa, linakatika na unapita nalo. Tembea juu ya mbao zilizolazwa.

Najua nimeandika mambo ambayo kijana anayelipwa kwa siku hawezi kuyanunua. Ndiyo sababu ya barua hii. NEMC, baraza la mazingira, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wana ofisi za kanda hapahapa Mwanza, na Afrika Kusini, iliyokuwa ikiichimba na kuiuza duniani, ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2008, kwa hiyo elimu si ngeni. Kinachokosekana ni swali moja kwenye fomu ya kibali cha ukarabati: paa la sasa ni la nini? Jibu likiwa asbestosi, kibali kisitoke mpaka ijulikane nani ataliteremsha na litapelekwa wapi. Halmashauri ya Jiji na ya Ilemela zitenge mahali pa kulipokea, shimo la kulifukia pasipochimbwa tena, na mjane aliyeachiwa nyumba asitozwe gharama asizozimudu, la sivyo ataliita genge la nyundo usiku.

Kuhusu Nyamanoro, mwenyekiti wa mtaa alinisikiliza. Tulimwagia kifusi maji, tukakifukia kwa udongo kiasi cha shubiri moja na kuzuia bodaboda zisipite. Muuza samaki alirudisha vipande vyake viwili. Sehemu ya juu ya njia bado haijafukiwa kwa sababu udongo uliisha, na mwenye lori la kuleta mwingine anasema atakuja Jumatano.

Fundi paa,
Nyakato, Mwanza