Udikteta si hulka ya taifa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, kwamba yapo mataifa ambayo watu wake hawatawaliki ila kwa mabavu, na kwamba nchi iliyokwisha kuzoea udikteta itabaki nao daima. Hoja hii inaniuma, kwa sababu inawageuza wanaoonewa kuwa ndio sababu ya kuonewa kwao.

Tuitazame Korea, ambako watu wa taifa moja na lugha moja waligawanywa mwaka 1945. Kaskazini, ukoo wa Kim umetawala tangu 1948, madaraka yakirithiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Kusini nako wanajeshi walishika hatamu kwa miaka mingi, na Mei 1980 askari waliua raia katika mji wa Gwangju. Lakini Juni 1987 maandamano yaliilazimisha serikali ikubali rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Kama udikteta ungekuwa jambo la damu, basi damu ya pande zote mbili ni ile ile.

Kinachoudumisha ni woga, na hasa upweke unaoletwa na woga. Kila mtu anajua kwamba mambo yameharibika, ila hana hakika kama jirani yake anaona hivyo, wala hathubutu kumuuliza. Nchini Malawi, Hastings Kamuzu Banda alitangazwa Rais wa Maisha mwaka 1971, na kwa miaka zaidi ya ishirini ilionekana kana kwamba jina hilo lingetimia. Kisha, Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, waraka wa maaskofu Wakatoliki ulisomwa makanisani, ukitaja umaskini, hali mbaya ya shule na hospitali, na watu kunyimwa uhuru wa kusema. Waraka ule haukufichua siri yoyote, kwa kuwa waumini waliyaishi mambo hayo kila siku. Jambo jipya ni kwamba waliyasikia wakiwa wamekaa pamoja, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake naye amesikia. Maaskofu waliitwa na polisi kuhojiwa, lakini neno lilikwisha kutoka. Katika kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993, karibu theluthi mbili ya wapiga kura walichagua mfumo wa vyama vingi, na mwaka uliofuata Banda akashindwa katika uchaguzi.

Wapo wanaosema kwamba mtawala mwenye bunduki hashindwi kwa kura. Mara nyingi wana haki ya kusema hivyo, ila wanasahau kwamba bunduki hushikwa na watu, na watu hao nao hupima upepo. Chile ilikuwa chini ya Jenerali Augusto Pinochet tangu Septemba 1973. Katiba ya 1980, iliyotungwa chini ya utawala wake mwenyewe, ilitaka wananchi waulizwe kama aendelee, nao tarehe 5 Oktoba 1988 wakajibu hapana kwa takriban asilimia 56. Usiku ule, huku serikali ikichelewesha matokeo, mkuu wa jeshi la anga, Jenerali Fernando Matthei, alipokuwa akiingia ikulu aliwaambia waandishi wa habari kwamba upande wa hapana umeshinda. Baada ya maneno hayo machache kutoka kwa mmoja wa wakuu wa utawala wenyewe, haikuwa rahisi tena kuyapindua matokeo.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya msomaji kwamba udikteta huanguka wenyewe kama embe bivu, au kwamba ukianguka haurudi. Myanmar ilifanya uchaguzi huru mwaka 2015, na tarehe 1 Februari 2021 jeshi likayatwaa madaraka yote tena. Wamisri walimwondoa Hosni Mubarak mwaka 2011, lakini miaka miwili tu baadaye jeshi lilikuwa limerudi usukani. Uhuru nao, kwa hiyo, haudumu bila walinzi.

Ndiyo maana narudi Korea Kusini. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, rais wa nchi hiyo alipotangaza utawala wa kijeshi, baadhi ya wabunge waliruka ukuta ili waingie katika bunge lao, na wote 190 waliofanikiwa kufika wakapiga kura ya kuipinga amri ile. Nje, katika baridi, raia wa kawaida walikuwa wamejazana langoni, wengine wakisimama mbele ya magari ya kijeshi yasipite. Askari waliokuwa wamekwisha kuingia ndani ya jengo waliondoka, na kabla ya mapambazuko amri ilikuwa imefutwa.

Msomaji wako