Barua kwa mwanangu: Ubaki sitahani

Mwanangu,

Kwamba Jumapili unapanda meli ya utafiti nimeambiwa na shangazi yako. Haya. Nina neno moja tu: ubaki sitahani.

Najua utacheka. Umemwambia kinachoshuka ni roboti, ninyi mtakaa juu mkitazama kwenye skrini. Lakini ile nyambizi ya Titan iliyopondwa na uzito wa maji, Juni 2023, mmoja wa wale watano waliokufa alikuwa ameshafika kwenye mabaki ya Titanic mara nyingi. Uzoefu haukumfaa. Wakikuambia kuna nafasi moja ndani, sema kichwa kinauma.

Daftari lako la chuo nimelisoma. Mita 200 za juu, penye jua, sina ugomvi napo, babu yako alivua humo hadi uzeeni. Kutoka hapo hadi 1,000 ni utusitusi, viumbe wake wengi hupanda usiku kula na alfajiri wakazama tena. Chini ya hapo jua halifiki, mwanga ni wa viumbe wenyewe. Kisha kuanzia 4,000 ni vilindi vyenyewe, na mahandaki yanayopita 6,000 hadi karibu 11,000! Giza silo linalonitisha, ni uzito. Pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu: kila mita 10 kanieneo moja zaidi, yaani mgandamizo kama wa hewa yote iliyo juu yetu, mita 4,000 ni kilo 400 na ushei juu ya ukucha mmoja. Mwandiko wako ule ule wa kukimbia, na doa la chai juu yake. Sasa mtu anaandika hivyo halafu anakwenda?

Silikanti, wale samaki wa kale, waliponaswa na jarife hapa Tanga, nao walitoka kina kirefu, hawakudumu juu. Kila kiumbe na mahali pake. Wewe mahali pako ni sitahani.

Majirani nimewaambia wote, hata muuza mkaa anakuita daktari wa bahari. Kuogelea sikukuacha ujifunze na wenzako, basi jaketi la kuokolea usilivue hata ukilala. Chukua tangawizi kavu, kichefuchefu cha meli hakijali shahada.

Mdogo wako ada yake bado nusu. Bati la jikoni linavuja tena, fundi ananizungusha. Na ufunguo wa kabati la vyombo umeondoka nao? Ijumaa kuna maulidi hapa na sahani zote zimo humo. Nijibu leo.

Mama yako