Kwenda Moshi Krismasi: tairi kwanza

Mhariri,

Desemba magari madogo hujazwa watu, mchele na mabegi kwa safari ya Dar es Salaam hadi Moshi, kilomita zipatazo 550. Wengi hubadilisha oili, tairi hawalitazami. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: 2316 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hata kama si kipara, mpira uliozeeka huchanika.

Upepo upimwe alfajiri, tairi likiwa baridi. Kiwango kimebandikwa penye mlango wa dereva. Cha gari lililojaa mara nyingi huwa juu zaidi. Lenye upepo mdogo hujikunja, huchemka na kupasuka, hasa mchana kati ya Mombo na Same. Spea nayo ipimwe, na jeki isifukiwe chini ya mabegi (wapo wanaoshusha mzigo wote lami ikiwaka).

Kurudi ndiko kugumu. Mkishuka kutoka Marangu au Rombo kwa gari la otomatiki, wekeni gia ndogo, 2 au L. Breki ikikanyagwa mfululizo huchemka, ikaacha kushika.

Msomaji, Dar es Salaam