Malalamiko kuhusu risasi za kaliba .22 zinazovuka kasi ya sauti

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlenga shabaha wa kujiburudisha, mwenye leseni, na risasi zenu nilizinunua kwa sababu moja tu: kwenye sanduku mmeandika kwamba hazivuki kasi ya sauti, na hivyo hazipasui hewa kwa kelele, kwa kuwa hutoka mtutuni kwa mita 320 kwa sekunde. Sauti yenyewe husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20, hivyo nafasi inayobaki ni finyu, na mnunuzi hana budi kumwamini aliyejaza baruti.

Imani hiyo imeniponyoka. Katika sanduku lile lile, risasi moja hutoka kwa upole kiasi cha kusikia pini ikigonga ganda na kichwa cha risasi kikizama kwenye tuta la udongo. Inayofuata hupasua hewa kama mjeledi, na wenzangu uwanjani hugeuka kuniangalia. Kipima kasi kimeonyesha tofauti hiyo waziwazi: nyingine mita 312, nyingine 351. Hapo si kelele peke yake inayoniudhi, kwani hata shabaha huharibika, na kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 50 matundu yamepangana juu na chini badala ya kukusanyika.

Nilipowaandikia awali, mlinijibu kwamba huenda kiwambo changu cha sauti, yaani kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlio, kimechakaa. Kwa heshima zote, jibu hilo halina mashiko. Kiwambo hushughulika na gesi za baruti zinazofumka kwenye mdomo wa mtutu. Huzipa nafasi ya kutanuka na kupoa katika vyumba vyake, na mlipuko hupungua kwa desibeli 20 hadi 30 hivi. Mpasuko wa risasi iliyovuka kasi ya sauti hauzaliwi hapo, bali huandamana na risasi angani mpaka kasi yake ishuke, na hakuna kiwambo kinachoweza kuufuata huko. Isitoshe, kiwambo hicho hicho hakina tatizo lolote nikitumia risasi zenu za toleo lililotangulia.

Tena sanduku halisemi ile kasi ya mita 320 ilipimwa kwa mtutu wa urefu gani, wala katika joto gani. Hewa ikishuka hadi nyuzi sifuri, sauti husafiri takriban mita 331 tu, na risasi iliyozidi kiwango chenu kidogo hupiga kelele.

Kwa hiyo naomba mlipime upya toleo hilo, ambalo namba yake nimeiambatisha pamoja na vipimo vyangu. Mnirudishie fedha zangu. Na mchapishe kwenye sanduku urefu wa mtutu na joto la kipimo. Masanduku ya bure ya toleo hilo hilo, mliyoniahidi kama fidia, siyahitaji.

Natarajia majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja