Staringi ni nani?

Mwanga, Kigoma

Kwako Shomari,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali huko Tabora. Mama anakusalimu.

Ile filamu uliyonisisitizia, Heat ya mwaka 1995, nimeiona juzi kwenye kibanda umiza. Karibu saa tatu nzima! Mwenye kibanda alitaka kuikatiza aweke mpira, akazomewa. Mtafsiri hakuwepo, basi ukazuka ubishi: staringi ni nani? Waliokaa nyuma wanasema Al Pacino, kwa kuwa ndiye polisi. Sisi tukashikilia Robert De Niro, mkuu wa majambazi, maana mtu mtulivu vile hafi. Wawili hao walipoketi kunywa kahawa, watu kimya, tunangoja nani atachomoa bastola. Wapi! Wameongea kama wazee barazani, wakaachana. Jamaa mmoja akadai arudishiwe hela yake. Kumbe kahawa ile ina asili: McCauley, huyo jambazi anayeigizwa na De Niro, wa kweli alikuwepo Chicago, na mpelelezi aliyekuwa akimsaka aliwahi kunywa naye. McCauley akauawa na polisi mwaka 1964.

Benki nayo! Wametoka na mabegi, gari lile pale, mara polisi. Risasi zinagonga maghorofa na kurudi, kwa sababu mwongozaji wa filamu, Michael Mann, alitumia milio iliyorekodiwa mtaani palepale. Spika za kibanda zilikoma siku hiyo.

Sasa nikubishie. Uliniandikia kwamba tamaa ndiyo iliyowamaliza. De Niro hela anazo, njia ya kutoroka iko wazi, ila akageuza gari kwenda kulipa kisasi. Tamaa iko wapi hapo? Na yule dereva je, au umeshamsahau? Ametoka jela, kapata kazi mgahawani, bosi anamkata robo ya mshahara na masimango juu. Dereva wa kwanza wa majambazi kakosekana dakika za mwisho, De Niro akamkuta pale jikoni, wanajuana tangu gerezani. Akamuuliza, naye akakubali papo hapo. Siku hiyohiyo kafa kwenye usukani, na mwanamke wake akaipata habari kwenye televisheni. Huyo alijaribu halali, Shomari, na halali ikamkata robo. Mimi nimemlilia yeye, staringi wenu mniachie.

Nijibu hilo kwanza, halafu ndiyo uniambie unapanda treni lini.

Wako,
Kashindi